Harusi ya uani Ngamiani: mipango yetu ya kiangazi hiki

Wengi wameniuliza kwa nini mdogo wangu hakufanyia harusi ukumbini, hasa wenzangu wa Dar, ambao kwao ukitaja harusi swali la kwanza ni ukumbi gani na la pili ni MC nani. Mama alishasema tangu tuko wadogo kwamba binti zake wataolewa watokee ndani ya nyumba ile, na mdogo wangu alipoulizwa anatakaje akasema hivohivo, anataka mume wake aje amchukue kwenye chumba alichokuwa analala na bibi. Basi, mjadala wa ukumbi ukafa siku hiyohiyo.

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, ni zile nyumba za Kiswahili za kawaida kabisa, baraza mbele, korido ndefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukitokea nyuma unakuta uani kuna jiko, choo, bafu, kamba za nguo na mwembe mkubwa. Shughuli zote za ukoo wetu zimefanyikia pale, za furaha na za msiba, kwa hiyo uani kwetu kunajua kubeba watu, ila watu wameongezeka, na mtaa umebadilika, na mambo yaliyokuwa yanajipanga yenyewe zamani siku hizi yanataka mtu akae chini na daftari. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa sababu ndo dada mkubwa.

Ninachotaka kumwambia yeyote anayepanga ya kwake nyumbani ni kwamba anza na uani, anza na wale watakaosimama kwenye moto na kwenye maji, af jukwaa na mapambo vije mwisho kabisa. Nimehudhuria harusi nyingi za nyumbani ambazo kikao cha kwanza kilizungumzia rangi ya vitambaa, na siku yenyewe bibi zetu wamekaa juani, wapishi wanaazima maji ndoo moja moja, na choo kimefurika saa tisa mchana. Vitambaa vilipendeza, sikatai, lakini bibi aliyechomwa na jua masaa manne anarudi nyumbani anaumwa kichwa na hakuiona harusi ya mjukuu wake.

Kwanza tarehe, maana huku pwani tarehe haichaguliwi kwa kuangalia kalenda ya ukutani tu. Masika yanaanza mwishoni mwa Machi yanakwenda mpaka Mei, na uani kwenye masika ni tope, huwezi kupika wala kukalisha mtu. Vuli nayo inakuja Oktoba mpaka Desemba, haina uhakika, inaweza kukaa wiki nzima kavu alafu ikamwaga siku moja tu, na hiyo siku moja ndo yako. Miezi ya kipupwe, Juni mpaka Agosti, hali ya hewa nzuri mno, tungependa, ila bwana harusi anafanya kazi Muscat na likizo yake aliipata Januari. Kwa hiyo tukabaki na kiangazi, jua kali, nyuzi 32 na zaidi, na ule unyevu wa bahari unaokufanya uoge mara tatu kwa siku.

Alafu kuna mwezi. Mwaka wa Kiislamu unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka ukiulinganisha na huu wa kawaida, na mwaka huu wa 2026 Ramadhani imeangukia katikati ya Februari. Hakuna anayefanya harusi ndani ya Ramadhani. Ungesema usubiri Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, watu wale Idi kwanza, basi Idi yenyewe ni karibu na tarehe 20 Machi na nyuma yake yanakuja masika moja kwa moja. Ukizipanga hizo zote pamoja unagundua kuna kidirisha kidogo tu, Januari na wiki mbili za mwanzo wa Februari, na kila familia ya Kiislamu Tanga nzima yenye binti wa kuozesha inakiangalia kidirisha hichohicho. Wapishi, maturubai, masheikh, wapaka piko, wote wanagombaniwa kwa wiki zilezile. Mpishi wetu tulimshika Septemba na bado alituambia Jumamosi mbili tayari zimeondoka.

Na Januari ina ugumu wake mwingine ambao kila mzazi anaujua, shule zinafunguliwa, ada, sare, madaftari. Ukipitisha kadi ya mchango Januari utaambiwa kila kitu isipokuwa ndio. Sisi michango tuliifungua Septemba hiyohiyo, watu wakawa wanatoa kidogo kidogo kwa simu, wengine elfu tano tano kila mwezi, na mweka hazina wa kamati, ambaye ni mume wa shangazi, akawa anaandika kila shilingi na kutuma orodha kwenye grupu kila Ijumaa. Orodha ile ya kila Ijumaa ilizuia maneno mengi sana. Fedha za watu zinataka mwanga.

Upande wa sheria usiuache mpaka dakika za mwisho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaotaka kuoana watoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla, na watu wengi wanadhani sheikh akishafunga ndoa basi imetosha, kumbe kile cheti kina kazi yake, hasa kama mwenzio anaishi nje na unataka kumfuata. Mdogo wangu atahitaji viza ya Oman kwa hiyo kwetu hilo karatasi lilikuwa jambo la mwanzo kabisa kwenye daftari.

Sasa nirudi uani. Kaka yangu alikuja na futi kamba tukapima kila kona, tukachora kwenye karatasi, alafu tukakaa pale siku nzima, asubuhi mpaka magharibi, tukawa tunaweka alama chini kivuli kinafika wapi saa ngapi. Inaonekana kazi ya watu wasio na kazi lakini ndo iliyotusaidia kuliko zote. Januari jua la mchana linakuwa karibu utosini, linaegemea kusini kidogo, kwa hiyo mchana turubai lolote linatosha, tatizo ni alasiri, kuanzia saa tisa jua linaingia kwa ubavu wa magharibi chini ya turubai na kuwapiga watu usoni. Tukaamua upande wa magharibi wote uzibwe na wazi pawe mashariki. Na mwembe ule, ambao kuna mtu kwenye kamati alisema tuukate matawi ili jukwaa lionekane, mama akasema hakuna atakayegusa tawi, na chini ya mwembe wakawekwa bibi zetu wote na mikeka na mito, na hapo ndo palikuwa mahali pazuri kuliko viti vyote vya kukodi.

Upepo nao. Miezi hii inavuma kaskazi, inatoka kaskazini mashariki, na mchana inaongezeka nguvu. Mafiga ya kupikia ukiyaweka upande unaotoka upepo moshi wote unaingia kwa wageni, kwenye nguo za watu na kwenye chumba cha bibi harusi. Tuliyapeleka kona ya kusini magharibi, nyuma ya choo cha zamani, moshi ukawa unakwenda zake kwenye kiwanja kitupu. Jirani wa upande ule tulimwambia mapema asianike nguo siku hizo mbili, akacheka akasema hata yeye atakuwa kwetu anapika, nani wa kufua.

Maji. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukiwa na wageni mia tatu na hamsini mchana, fikiria kila mtu ananawa mikono mara mbili, wengi wanachukua udhu kwa ajili ya sala ya alasiri, choo kinamwagiwa maji kila dakika, na sehemu ya vyombo kuna sufuria na masinia yanaoshwa bila kukoma. Bomba la mtaa haliwezi hata likiwa linatoka vizuri. Tulikodi matenki mawili ya lita 2,000 tukayajaza siku mbili kabla, moja la jikoni tu na moja la wageni, na kwenye la jikoni tukamweka mtu, mjomba mmoja mkali, kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayekuja kuchota maji ya kuogea pale. Usichanganye matenki. Wageni wakimaliza maji ya kunawa watasubiri, lakini mpishi akiishiwa maji pilau iko motoni hana cha kusubiri.

Choo, tulimwita mwenye gari la kunyonya majitaka wiki moja kabla shimo likawa tupu. Hilo watu wanaona aibu kulijadili kwenye kikao, ila lijadilini tu, tena mapema. Na jirani wa ghorofa pale nyuma akatupa choo chake cha nje kwa ajili ya kina mama, Mungu amlipe. Huyo jirani tulikuwa na ombi lingine kwake pia, maana ghorofa lake linachungulia uani kwetu moja kwa moja, na jioni kina mama wakishaingia kwenye sherehe yao wanavua mabaibui wanacheza, hawataki jicho la mtu wala kamera. Tukazungushia vitambaa vizito, yeye akafunga madirisha ya upande ule toka saa kumi, na mlangoni akakaa binti wa shangazi anapokea simu za watu anaziweka kwenye vifuko vyenye namba. Kuna waliolalamika. Lakini mwanamke akija kwenye harusi ya wanawake kwa kuamini kwamba pale ni stara, ile imani ni amana, huwezi kuiacha iende mtandaoni kwa sababu mtu mmoja alitaka kupiga video.

Umeme sitauongelea sana. Nunua uniti za LUKU za kutosha, mwite fundi aangalie waya na main swichi kama vinaweza kubeba mafriji ya kuazima na taa na spika kwa pamoja, na jenereta liwepo na mafuta yawepo na liwashwe siku moja kabla kulijaribu. Lilikaa kimya siku nzima na nilifurahi hivohivo.

Chakula ndo kilichotuchukulia muda, na sioni vibaya, kwa sababu huku kwetu harusi inakumbukwa kwa pilau yake. Mdogo wangu alitaka mabafe, kampuni ije na vyombo vyake na watu waliovaa sare wapakue. Mama akataka masinia. Walivutana wiki kadhaa kistaarabu, mwisho tukakubaliana mchana masinia, watu wanne au watano kwa sinia moja, na jioni kwa kina mama meza ya bafe ya vitafunio na kuku na biriani kidogo. Mi binafsi nasimama na sinia. Vyombo vinapungua, maji ya kuoshea yanapungua, chakula hakimwagwi sana, na kikubwa zaidi watu wasiojuana wanakaa pamoja wanakula mkono kwa mkono, mjomba wa bwana harusi aliyetoka Pemba alikula sinia moja na muuza samaki wetu wa soko la Deep Sea na walipoinuka walikuwa wameshapeana namba za simu.

Mpishi wetu ni mtu mzima, hesabu zake hazina karatasi. Alisema kilo moja ya mchele wape watu saba, kwa hiyo mia tatu na hamsini ni kilo 50, na nyama kilo 40, alafu akasema ongeza kilo 10 za mchele kwa wasioalikwa. Nikamuuliza wasioalikwa gani, akasema mwanangu, harufu ya pilau haina kadi. Na kweli, walikuja madereva wa bodaboda wa kona, mafundi waliokuwa wanajenga mtaa wa pili, watoto wa madrasa, wote wakala, na hakuna nyumba ya Kimwambao inayomgeuza mtu mlangoni siku ya harusi. Kama bajeti yako haina fungu hilo, bajeti haijaisha.

Viungo vilisafishwa na kusagwa nyumbani, bizari nzima, hiliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, na vitunguu vilikaangwa mpaka vikawa kahawia yenyewe kabla nyama haijaingia, hapo ndo rangi ya pilau inapotoka. Mchele ukishakaribia kukauka wanapunguza kuni chini wanaweka makaa juu ya mfuniko, kupalia, na kuanzia hapo hakuna mtu anaruhusiwa kufunua. Kwa sababu ya joto la Januari tulikataa kupika chote alfajiri. Chakula kilichoiva kikikaa zaidi ya saa moja kwenye joto lile kinaanza kuwa hatari, na sitaki kusikia mgeni wangu kalazwa, kwa hiyo kilipikwa kwa mikupuo miwili, sufuria za kwanza zikifunuliwa za pili ziko motoni, na kachumbari ilikatwa pale pale wakati masinia yanapangwa. Juisi ya ukwaju na ya embe, maana embe ndo msimu wake, na barafu tele.

Masufuria yenyewe ni ya kikundi cha kina mama wa mtaa. Sijui mitaa mingine ikoje lakini kwetu wana masufuria makubwa, masinia, majagi, mikeka, mpaka viti, walivyonunua kwa michango yao wenyewe miaka na miaka, na mwanachama akiwa na shughuli vinakuja kwake na wao wanakuja navyo. Mama yangu ni mwanachama tangu mimi niko shule ya msingi. Ameshapika kwenye shughuli za nyumba zote zile. Niliposema tulipe watu wa kuchambua mchele na kumenya vitunguu, mwenyekiti wao akaniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, wewe tuletee mchele na nyama, mambo ya jiko tuachie sisi. Mama yako ameshayalipa."

Jumatano usiku ya wiki ya harusi akafariki mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mzee ambaye alikuwa anatugawia pipi tukitoka madrasa, ambaye alishasema atakuja kula pilau ya mjukuu wake. Alhamisi akazikwa baada ya alasiri. Na harusi ni Jumamosi.

Ukiwa umekodi ukumbi, jambo kama hili unaweza hata usilijue mpaka upite. Sisi maturubai yetu mawili yalikuwa yameshafika, yakabebwa Alhamisi asubuhi yakafungwa kule msibani. Kina mama waliokuwa waje kuchambua mchele wetu walikwenda kupika kule, na masufuria yote yakaenda kule, na hivo ndo inavyotakiwa. Usiku kikakaa kikao barazani kwetu, wazee, baba, watu wa bwana harusi, kuna waliosema tuahirishe, kuna waliosema tiketi ya ndege ya bwana harusi imeshakatwa na Ramadhani iko mlangoni. Kabla hawajafika popote mjane mwenyewe akatuma mtoto wake aje aseme kwamba mzee asingependa, na kwamba ndoa ni ibada, endeleeni, ila tupunguzieni ngoma.

Tukapunguza. Usiku wa Ijumaa tulikuwa tumepanga ngoma ya kesha, ikafutwa yote, bibi harusi akapakwa hina ndani na shangazi zake kwa kasida za chini chini na dufu moja. Muziki wa spika Jumamosi ukafutwa pia, jamaa mwenye vyombo akaelewa, ni mtoto wa Makorora anajua mila. Mdogo wangu alilia, na nilimwacha alie, kwa sababu alikuwa na haki ya kulia, alikuwa ameshachagua nyimbo zake zote, na bibi yetu alikuwa ameahidi kucheza taarab za enzi zake, zile za miaka ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, ambazo Tanga hii ilisifika nazo pwani nzima. Alipomaliza kulia akaniambia nimpelekee mjane sahani ya halua kwa niaba yake. Nikapeleka.

Jumamosi alfajiri, siku ya tatu, ikasomwa khitma msibani. Watu wakanywa uji na kula mihogo pale, na saa moja asubuhi kina mama wale wale wakaosha masufuria yale yale, wakayabeba vichwani nyumba tatu, wakayateleka kwetu. Macho yao yalikuwa mekundu kwa kutolala. Mwenyekiti alikuwa ameshajifunga leso kiunoni kabla sijamsalimia. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja na sikuwa na neno lingine. Nimefanya kazi na watu wa iventi Dar, wazuri, wenye ratiba za dakika kwa dakika, na nasema kwa dhati kwamba sijawahi kuona kazi imepangwa vile, kila mtu anajua nafasi yake bila kuambiwa, nani kwenye moto, nani kwenye maji, nani anahesabu masinia yanayotoka. Pilau ya kwanza ilikuwa tayari wanaume waliporudi msikitini na ndoa imeshafungwa baada ya adhuhuri.

Baada ya alasiri bwana harusi akaja kuingia ndani. Hapa napo panahitaji mpango, korido yetu ni nyembamba na kila mwanamke wa ukoo anataka kusimama pale. Tulitoa makochi yote tangu Ijumaa, tukaweka mafeni mawili, na dada wawili wa kusimamia watu wasibane mlango. Shangazi zake bibi harusi wakazuia njia kama kawaida, pesa ya kiosha miguu ikatoka, ya kifungua mlango ikatoka baada ya kubishana vizuri tu, na ubeleko, zawadi ya mama kwa kumlea binti, alikabidhiwa uani mbele ya wenzake wa jikoni, yeye mwenyewe ndo alitaka iwe pale. Kipa mkono, zawadi ya bwana harusi kwa bibi harusi, kilikuwa cha kwao wawili, hatukuuliza.

Jioni ya kina mama ilikwenda bila spika. Waliimba wenyewe. Walipiga matari, sauti ikawa inabaki ndani ya vitambaa haivuki sana mtaani, na ngoma ya baikoko ambayo wasichana walikuwa wamejiandaa nayo waliiacha kwa heshima ya msiba, wakasema wataidai siku nyingine. Bibi alicheza akiwa amekaa. Saa nne kasoro tukafunga, wageni wakasindikizwa.

Kuhusu gharama, maana hilo nalo naulizwa, msidhani nyumbani ni bure. Pesa ya ukumbi haipo, sawa, lakini kuna maturubai, matenki, gari la choo, kuni, mafuta ya jenereta, nauli na chakula cha ndugu waliolala kwetu wiki nzima, na kibali cha serikali ya mtaa cha kuziba kipande cha barabara, tukiacha njia ya gari kupita ikitokea dharura. Tofauti ni pesa inakokwenda, nyingi ilibaki palepale mtaani, kwa muuza kuni, kwa mama wa maandazi, kwa vijana wa mkokoteni. Kama huna mtaa wa namna hiyo, umehamia juzi na hujawahi kwenda kwenye shughuli ya mtu, nakushauri kodi ukumbi, kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu kazi ile haiwezi kununuliwa yote.

Jumapili tulihesabu vyombo na mwenyekiti, sinia moja lilikuwa halionekani likapatikana kwa jirani wa ghorofa, yakaoshwa, yakarudi stoo ya kikundi. Pilau iliyobaki iligawiwa usiku uleule wa Jumamosi, hatukulaza chakula. Fungate inaendelea.

Na kwa wanaofikiria kiangazi kijacho, anzeni sasa hivi. Mwaka 2027 Ramadhani itaingia mapema zaidi, kwenye wiki ya pili ya Februari, kwa hiyo kile kidirisha ni Januari na siku chache tu za Februari, na mwezi wa Shabani, ule unaotangulia Ramadhani, wote utakuwa umebanana humo. Mtoto wa mama mdogo ndo anafuata, mpishi ameshaambiwa, na tarehe yake imeshaandikwa kwenye daftari la kikundi, tuko namba tatu kwa Januari.